Kupitia Si Kupita

Mtaa mzima ulimwita Mama Povu. Alitengeneza sabuni kali ya kusafishia vyoo uani kwake, kwenye pipa la bluu, glavu mikononi na kitambaa puani. Mumewe, fundi baiskeli, alimsaidia kufunga vizibo kabla ya kwenda kazini. Mama mkwe alibandika lebo. Bibi huyo alikuwa amejifunza kusoma mwaka huohuo, na tangu hapo hakuna maandishi yaliyopona mbele yake. Alisoma magunia, alisoma kuta, alisoma hadi viatu vya wageni.

Lebo zenyewe zilikuwa mpya. Zamani sabuni iliuzwa kwenye chupa za maji zilizotumika, bila neno lolote. Mama Povu aliogopa kwamba siku moja mtu ataidhania kinywaji. Ndiyo maana alikwenda kwa mchapaji.

Asubuhi hiyo bibi alibandika huku akisoma kwa kidole.

"Sa-bu-ni ka-li ya vyo-o. U-nywe. We-ka mba-li na wa-to-to." Akasita. "Mwanangu, sabuni yenu siku hizi inanyweka?"

Fundi akacheka. "Mama naye! Imeandikwa usinywe."

"Iko wapi hiyo 'si'? Nionyeshe. Au mnadhani nimeimeza?"

Mama Povu alichukua chupa, akasoma. Akachukua nyingine. Zote zilisema UNYWE, kwa herufi kubwa nyekundu. Na chupa za jana zilikuwa tayari dukani.

Kabla hajavua glavu, geti lilisukumwa kwa kishindo. Aliingia jirani yao, msahihishaji wa gazeti. Watu walimwita Nukta, kwa sababu hata nukta ikikosewa yeye huiona. Kwa mkono mmoja alishika chupa ya sabuni. Kwa mkono mwingine alimshika binti yake, aliyekuwa darasa la kwanza.

"Mama Povu, unataka kuniulia mtoto?" alifoka. "Nimemkuta ameshamimina kwenye kikombe! Namuuliza unafanya nini, ananijibu nini? Mwambie mwenyewe!"

Mtoto alifuta machozi. "Imeandikwa unywe," alisema.

Mama Povu alichuchumaa mbele ya mtoto. "Amekunywa?"

"Hajakunywa. Ni Mungu tu."

Mama Povu alimtazama yule mtoto. Angekuwa hajui kusoma, angeinusa ile chupa na kuiacha. Amefundishwa shuleni kuamini maandishi, naye ameyaamini. Kumbe lebo ile ilimtega yuleyule aliyejua kusoma! Hapo hofu ilimtoka, zikaja hasira.

Fundi alirukia baiskeli kwenda kuzirudisha chupa zote. Dukani walikuwa wameuza moja tu, ile ya Nukta. Bibi alibaki na mtoto. Wanawake wawili, Mama Povu na Nukta, wakaenda kwa mchapaji, na njiani hawakusalimia mtu.

Huko Mama Povu alitokwa na povu kweli. Aliipiga ile chupa mezani, kati ya kompyuta na gundi.

"Mimi niliandika usinywe! Nani kaila 'si' yangu?"

Mchapaji aliisoma lebo, akawatazama wateja waliokuwa wakisubiri. "Mama, punguza sauti, kuna wateja."

"Wateja wasikie! Mtoto ameponea chupuchupu, wewe unaniambia sauti?"

"Kompyuta haikuonyesha kosa," mchapaji alijitetea. "Neno likikosewa, huwa inapiga mstari mwekundu."

Nukta aliingilia. "Itaupigaje? Unywe ni neno la Kiswahili, na halikukosewa hata herufi. Kompyuta itajuaje kwamba chupani mna sabuni ya choo?"

"Sawa. Lakini nilimpigia simu huyu mama, nikamwambia aje apitie kabla sijachapa. Akaja. Mama, ulipitia, hukupitia?"

"Nilipitia!"

"Si umesikia?" mchapaji alimgeukia Nukta.

"Nilipitia hapa nikitoka sokoni, kama ulivyoniambia," Mama Povu aliendelea. "Nikakusalimu. Ukaniuliza, 'Mama, iko sawa?' Nikajibu iko sawa, nikijua unaniuliza hali. Nikaenda zangu!"

Wateja wakaangua kicheko. Nukta hakucheka.

"Yaani wewe ulimwita apitie maandishi, naye akapitia dukani," alimwambia mchapaji. "Hukumwona akishika karatasi, lakini ukachapa. Huoni aibu?"

"Karatasi ilikuwa hapa mezani. Nilidhani ameiona."

"Ulidhani! Watoto wa watu unawachezea kwa kudhani?"

Mama Povu alivuta pumzi. Hasira hazijaisha, ila alitaka kuelewa. "Jirani, hebu nieleze. Kupitia maandishi ndiyo kufanyaje?"

"Ni kuyasoma yote, tangu mwanzo hadi mwisho, neno kwa neno. Kabla ya kuchapa, mchapaji anatoa nakala moja ya kujaribia. Hiyo inaitwa prufu. Mmoja anasoma kwa sauti karatasi uliyoandika wewe. Mwingine anafuata kwa kidole kwenye prufu. Pasipolingana, mnasimama."

"Halafu?"

"Mnasahihisha. Kusahihisha ni kuondoa kosa. Hapa 'si' imeanguka, tunairudisha." Nukta alichukua karatasi ya lebo iliyokuwa mezani na kalamu nyekundu, akachora alama kati ya U na NYWE, akaandika SI juu yake. "Ukishasahihisha, unatoa prufu nyingine na kuisoma upya. Mkono unaoondoa kosa unaweza kuleta lingine."

"Basi imekwisha," alisema mchapaji, akinyoosha mkono aichukue karatasi.

"Haijaisha! Bado kuhariri. Kuhariri ni kuyatengeneza maneno yaeleweke vizuri, hata kama hayana kosa. Mama Povu, uhai wa mtoto unaning'inia kwenye silabi moja. Ikidondoka tena, je?"

Mama Povu aliwaza. "Tuanze na neno HATARI. Halafu, HAINYWEKI. USINYWE. Silabi moja ikidondoka, mengine yanabaki."

"Umeona? Umehariri wewe mwenyewe."

Mchapaji alikubali kuchapa upya, na lebo za zamani zikachanwa zote mbele ya macho yao. Kesho yake alipiga simu. "Mama, prufu iko tayari. Njoo upi..." Akajikatiza. "Njoo usome."

Mama Povu alikwenda na mama mkwe. Mchapaji alimwonyesha karatasi. "Iko sawa, mama?"

"Usiniharakishe. Siku ile nilipita. Leo nakaa." Akavuta kiti, akaanza kusoma karatasi yake kwa sauti. Bibi akafuata kwenye prufu kwa kidole, taratibu, akilitamka kila neno. Mteja mmoja nyuma yao aliguna. Bibi akageuka, akamkazia macho, kisha akarudia mstari kuanzia mwanzo.

Jioni Mama Povu alimpelekea Nukta chupa moja yenye lebo mpya. Mtoto ndiye aliyefungua mlango. Aliipokea kwa mikono miwili, akasimama palepale kizingitini, akasoma.

"Ha-ta-ri. Ha-i-nywe-ki. U-si-nywe."

Akamtazama Mama Povu usoni. "Na hii ni kweli?"

Mama Povu aliitikia kwa kichwa. Mtoto akaingia ndani, akapanda juu ya kiti, akaiweka chupa kwenye rafu ya juu kabisa.