Kidole Alichokifagia Kang'ethe

Asubuhi hiyo unga wa mbao chini ya msumeno ulikuwa vuguvugu kama uji wa mgonjwa, na injini haikuwa imewashwa tangu jana. Kang'ethe aliugusa kwa mguu, akaendelea kupanga mbao. Mtu mwenye siri hapendi kushangaa mbele za watu.

Siri yenyewe Thika nzima iliijua. Miaka hiyo ya Imajensi, Waingereza walipotangaza hali ya hatari, Kang'ethe alikuwa na karakana karibu na mto Chania, na msumeno wa meza alioununua kwa mzungu aliyekuwa akihama. Ulikuja na kifuniko cha bati juu ya meno. Kang'ethe akakibandua, eti kinachelewesha kazi. Alipenda kuinua mikono na kuuliza, "Kuna fundi mwingine huku, au hata Ruiru, mwenye vidole vyote kama mimi?" Alivipenda kuliko alivyompenda mkewe Waceke, na aliyesema hivyo ni Waceke mwenyewe.

Kisha msumeno ukala kidole cha Ndung'u, mfanyakazi wake. Ndung'u akapelekwa nyumbani, mkono umefungwa kwa gunia. Kidole kikabaki mezani. Nani akiguse? Kitu kilichokufa ni thahu, ukikigusa unabeba mkosi hadi kwako. Kang'ethe, Mkristo wa Jumapili, akachukua ufagio, akakifagilia shimoni chini ya msumeno pamoja na unga wa mbao. Akawasha injini. Kanisa moja la Ruiru lilikuwa linangoja viti.

Tangu hapo karakana ikanuka kucha zilizoungua. Na mchana injini ikizimwa ili watu wale chakula, kitu kiligonga kutoka chini ya meza. Ko. Ko.

"Panya," alisema Kang'ethe.

"Siku hizi panya hubisha hodi, mzee?" aliuliza kwa sauti ya chini Musau, Mkamba aliyechukua nafasi ya Ndung'u.

Ni Musau aliyemleta, siku hiyo ya unga vuguvugu, Mwongeli, mganga aliyeuza dawa sokoni. Mama huyo alinusa mara moja, akaenda kuketi mbali.

"Hapo kuna jini wa mtoni," alisema. "Alikuwa akipita tu. Wewe ukamlisha, sasa anakujua kama mpishi wake."

"Mfukuze basi."

"Mpishi ndiye huondoa chakula. Kitoe kidole hicho kwa mkono mtupu, umpelekee mwenye kidole akizike. Lakini utoe mkanda wa injini kwanza, ungoje meno yatulie kabisa. Na urudishe kifuniko. Jini huyu hafuati mkono, hula unaomkaribia."

"Musau atakitoa."

"Mimi sikushika ufagio, mzee," alisema Musau.

Kang'ethe akazima injini. Mkanda hakuutoa, aliona utamchelewesha. Akautazama msumeno. Na msumeno ukizunguka bila mbao, meno huonekana kama yametulia.

"Ngoja kidogo, baba," Mwongeli alinong'ona.

"Umesimama. Huoni?"

Akapiga magoti, akaingiza mkono shimoni, akapapasa katika unga ule uliokuwa sasa moto na unaonata kama nyama mbichi, mpaka akakipata kidole cha Ndung'u, akamshukuru Mungu, ila kidole kilikuwa na joto la mtu aliye hai, nacho kikajikunja taratibu kikanasa vidole vyake jinsi watoto wanavyoshikana wakipatana, kikaanza kumvuta, si chini alikoogopa bali juu, juu kidogo, kule meno yalikokuwa yangali yakizunguka bila sauti, na karibu kabisa na sikio lake akasikia mtu akimeza mate.

Alipouchomoa mkono, vidole vinne havikuwapo. Damu haikudondoka hata tone. Aliyekuwa huko chini alikwisha kuilamba. Kisha kukawa na kugonga tena, kwa vidole vingi, kama mgeni anayengoja sahani.

"Vitoe," Kang'ethe alimwambia Musau. "Mwanangu. Vitoe, bado ni vyangu."

Musau akamtazama mganga. "Akivitoa mtu mwingine?"

"Atakuwa mpishi."

Wafanyakazi wote wakaficha mikono kwapani.

"Bado una wa kushoto, mzee," alisema Musau, kwa heshima zote.

Kang'ethe akayatazama meno ya msumeno. Yalionekana yametulia. Akapiga magoti tena.