Mashavu Asema Hapana

Mashavu alirudi kutoka pwani saa saba mchana, hoi. Tangu asubuhi alikuwa majini, kainama, anavuna mwani na kufunga mwengine kwenye kamba. Mgongo unamuuma. Vidole vimechanika kwa chumvi. Mumewe, Pandu, ni mlinzi wa hoteli. Alikuwa kalala ukumbini baada ya zamu yake. Mashavu akamwaga gunia la mwani mbichi mchangani, pembeni mwa nyumba, akautandaza ukauke. Hajaosha hata miguu, akasikia sauti.

"Hodi hapa!"

"Ya Rabbi," akanong'ona. "Washakuja tena!"

Aliwajua kwa mabegi yao. Watu wa masuali hawakauki hapa kijijini Bwejuu. Mara wa vyoo, mara wa maji, mara wa mwani. Wanauliza, wanaandika, wanapanda gari, wanakwenda zao. Wamesema nini huko walikokwenda, hakuna anayejua. Lakini mgeni ni mgeni. Mashavu alijifuta mikono kwa kanga.

"Karibuni, wanangu. Kaeni mkekani."

Walikuwa wawili, wanafunzi wa chuo kikuu, wametoka Tunguu. Msichana ni Salhiya, mtoto wa mjini, Michenzani. Mvulana ni Suhaib. Alishika kishikwambi, ile simu kubwa kama sinia ndogo.

"Shikamoo, Bi Mashavu," alisema Salhiya. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu.

"Marahaba."

"Hatutakuchelewesha," alisema Suhaib. "Ni masuali arubaini tu."

Arubaini tu! Mashavu alitaka kulia. Akacheka, kwa adabu.

"Banda la kuanikia mwani mlilojengewa mwaka juzi, linakusaidia?" alisoma Suhaib.

"Ndiyo."

"Unalitumia?"

"Ndiyo."

"Ungependa lijengwe jengine?"

"Ndiyo, mwanangu."

Pandu alikohoa kule ndani. Mashavu hakugeuka. Hakuona kuwa anasema uongo. Mtu kakuletea kitu kutoka mbali, utamwambia hakifai? Huo si utu. Tena ukimwambia, kesho hakuletei kingine. Basi ndiyo, ndiyo, ndiyo, waandike waende zao, na yeye akapike.

Walifika suali la kumi na tisa. Ghafla mvua ya vuli ikashuka.

"Mwani wangu!" Mashavu alipiga ukelele, akatoka mbio. Salhiya akamfuata bila kuvaa viatu. Wakajaza mikono, wakaingiza ndani, wakatoka tena. Mwani ulioanikwa ukinyeshewa huharibika, na mnunuzi haugusi. Suhaib alisimama mlangoni, kishikwambi kakificha ndani ya shati. Aliangalia nyumba za jirani. Wanawake wote walikuwa wakikimbia viwanjani mwao, wamekumbatia mwani. Hakuna hata mmoja aliyekimbilia bandani.

Mwani wa nusu siku uliroa. Mashavu alikaa kizingitini, maji yanamchirizika usoni.

"Bi Mashavu," alisema Salhiya polepole, "kama banda linakusaidia, mbona mwani unauanika hapa?"

Mashavu alikamua kanga yake. Pandu akatokea, shuka kiunoni.

"Mwambie, mke wangu. Kwa kusema ndiyo, hujambo!"

"Hebu nyamaza wewe," alisema Mashavu. Kisha akashusha pumzi. "Banda liko barabarani, mwanangu. Gunia la mwani mbichi zito, na mimi mgongo sina. Tena lina kuta, upepo hauingii. Mwani unaoza humo. Tulijaribu wiki mbili, tukaacha."

"Kwa nini hukutwambia?"

"Ntakwambiaje? We mgeni wangu."

Salhiya alitoa karatasi kwenye begi. Ilikuwa ramani ya kijiji. Akaweka kidole karibu na ufukwe.

"Shirika lililotutuma linataka kujenga banda la pili, kama lile lile. Sisi tumepewa kazi ya kulishauri, lijenge au lisijenge. Likijengwa, litakuwa hapa."

Mashavu aliinama kuangalia. Aliona mnazi wake, nyumba yake, na kiwanja chake. Pale palikuwa mahali pekee anapoanika. Mama yake naye alikuwa akianika pale pale.

"Hapa kwangu?" aliuliza. "Ntaanika wapi mie?"

"Majibu yako yalisema lijengwe," alijibu Salhiya. "Ulisema ndiyo."

Mashavu alikinyooshea kidole kishikwambi. Aliogopa kwelikweli.

"Futa!" alisema. "Futa yote!"

"Salhiya, ripoti ni Ijumaa," alisema Suhaib. "Nyumba thelathini zishajibu ndiyo."

"Na za jirani umeziona kwenye mvua. Zilianika wapi?"

Suhaib alikaa chini, kachoka naye, akaanza kufuta.

"Tumekosa sisi kwanza," Salhiya alimwambia Mashavu. "Tulipaswa kukueleza kabla ya kukuuliza. Nani katutuma. Kwa nini anataka kujua. Majibu yataamua nini. Hiyo ni haki yako. Ukitaka kukataa masuali, unaweza. Ukitaka kusema hapana, sema. Hujui, sema sijui. Jina lako hatuliandiki."

"Nkisema hapana, hawatatunyima misaada?"

"Siwezi kukuahidi kuwa watatusikiliza, Bi Mashavu. Lakini tukiwapelekea ndiyo ya uongo, watajenga."

Mashavu alifikiri. Halafu akasema, "Basi nanyi msije bamvua. Siku hizi maji yanatoka mbali, sote tumo baharini. Mnatukuta tumekufa kwa kuchoka, tunakujibuni ili muondoke. Njooni maji mafu, bahari isipotoka sana. Hapo tuko majumbani."

Siku ile ile Salhiya alilipigia simu shirika, akaomba siku kumi zaidi. Walimgombeza weee, mwisho wakampa.

Maji mafu yalipofika, wanafunzi walirudi. Wanawake ishirini walikaa kwenye baraza ya Bi Biasha, jirani. Mara hii kishikwambi kilibaki begini. Salhiya alieleza katumwa na nani, kisha akauliza suali moja: "Mnaanikaje?"

Kila mmoja alimtazama mwenziwe. Mashavu alikumbuka ile ramani.

"Banda halitufai," alisema. "Tunataka vichanja. Vya miti na nyavu, pwani kwenye upepo, na turubai la kufunika mvua ikija."

"Kweli!" alidakia Bi Biasha. "Hata mie nlisema ndiyo, nkaona aibu."

Hapo midomo ikafunguka. Walisema mpaka adhuhuri.

Wiki iliyofuata Salhiya alirudi na ripoti kabla ya kuipeleka kwa shirika. Aliisoma yote kwa Kiswahili. Walipoona pamekosewa, walimsahihisha, na Suhaib akaandika. Mashavu alisikiliza mwanzo mpaka mwisho. Katika miaka yote ya kuulizwa, hajapata kusomewa alichokisema.

Shirika lilichelewa kujibu. Miezi minne ilipita, na Mashavu alishakata tamaa. Halafu gari lilikuja na miti, nyavu na maturubai. Banda la pili halikujengwa. Vichanja vilisimama pwani, na kiwanja cha Mashavu kikabaki chake. Mvua za masika zikaja. Wanawake walifunika mwani wao, na mwaka ule haukuoza.

Kabla ya masika kwisha, bwana mmoja wa shirika alikuja kukagua. Alivaa shati jeupe, na alitabasamu sana.

"Mama zangu, vichanja vizuri?"

"Vizuri," walijibu wote kwa pamoja.

"Havina tatizo lolote?"

Wanawake walitazamana. Mashavu alikuwa ndiyo kwanza katoka majini, mgongo unamuuma vile vile. Alitua gunia.

"Vizuri, bwana, na ahsanteni. Lakini viko juu mno. Sisi wafupi hatufiki katikati. Miguu ya vichanja ikatwe."

Bwana aliacha kutabasamu. Alikwenda kwenye kichanja, akapima urefu wa miguu kwa mkono wake. Kisha akamtazama Mashavu.

"Ikatwe kiasi gani?"

"Hapa," alisema Mashavu, akamwonesha kwa kidole. "Pandu! Lete msumeno."