Maji Baridi Yanayounguza

Jumamosi mchana Melali alikuwa mahali pake pa kila siku, kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba, simu mkononi na miguu kivulini. Alikwisha kufagia uwanja wa changarawe, akawapa nguruwe nazi zao, akaanika nguo. Sasa ulikuwa wakati wake wa kuperuzi mambo ya ajabu ya dunia.

"Tinilau, unajua kwamba pweza ana mioyo mitatu?"

Mdogo wake, aliyekuwa akimchokoza kaa kwa kijiti, aliinua kichwa. "Sasa akihuzunika, inauma yote?"

"Na wewe Melali una masikio mangapi?" Bibi Seluka aliuliza kutoka jikoni. "Maana nimekuita mpaka koo limekauka."

Baba yao alikuwa baharia, na mama yao alifanya kazi Funafuti, kisiwa kikuu cha Tuvalu. Watoto waliishi na Bibi katika kisiwa hiki kidogo, ambapo ukisimama barabarani unaona bahari kushoto na bahari kulia. Shuleni wenzake walimwita Melali "Profesa Unajua", kwa sababu kila sentensi yake ilianza hivyo. Unajua kwamba Australia kuna mnyama ambaye kinyesi chake kina umbo la mchemraba? Siku aliyosema hilo darasa zima lilicheka mpaka mwalimu akamtoa nje.

Jambo moja tu halikumchekesha Bibi. Wiki chache nyuma Melali alikuwa amesoma habari ya ugonjwa unaomfanya mtu aguse maji baridi akahisi yanamuunguza. Yeye na Tinilau wakaufanya mchezo, wakawa wanaruka kutoka kwenye ndoo wakilia "naungua, naungua". Bibi aliacha kusuka mkeka wake akawatazama.

"Huo ni ugonjwa wa samaki mbaya," alisema. "Ulimchukua dada yangu tukiwa wadogo. Msiuchezee tena humu ndani."

Hawakuuchezea tena.

Jumamosi hiyo, Melali alipoinuka kumwitikia Bibi, pikipiki ilisimama uani. Alikuwa baba mdogo Pasefika, na begani alikuwa na chewa mkubwa aliyekaribia urefu wa Tinilau.

"Mwambie Bibi huyu ni wa Jumapili," alisema, akimlaza samaki juu ya majani ya mgomba. "Lakini sikiliza, Melali. Nimemvua kule kwenye meli iliyozama. Msimguse kabla hujamuuliza mzee Vaelei. Mimi nawahi boti, nakwenda kisiwa cha pili kuangua nazi."

"Sawa, baba mdogo."

"Usiseme sawa halafu ukarudi kwenye simu."

"Nimesema sawa."

Kisiwani kwetu samaki mkubwa wa mwambani hapikwi hivi hivi. Mzee Vaelei ndiye anayejua mwamba upi mwaka huu ni mzuri na upi umeharibika, na kila nyumba humtuma mtoto kwenda kumuuliza. Mtoto akirudi na neno la Vaelei, hakuna anayeuliza mara ya pili. Tatizo ni kwamba mzee Vaelei anaishi ncha ya kaskazini, na jua la mchana huo lilikuwa la kuchoma utosi.

Melali alitazama barabara, akatazama simu. Akaandika swali lake, na video ikatokea papo hapo. Mwanamume mmoja mcheshi alionyesha jinsi ya kumtambua samaki mwenye sumu: nzi hawatui juu yake, na kitu cha fedha ukikichomeka kwenye nyama yake kinageuka cheusi. Rahisi namna hiyo. Watu maelfu kwa maelfu walikuwa wameipenda.

Nzi walikuwa wamekwisha kumjaa yule chewa. Melali akachukua pete ya fedha ya Bibi kutoka dirishani, akaichomeka kwenye nyama ya shingo, akasubiri. Ilipotoka ilikuwa inang'aa vilevile. Akaiosha, akairudisha, akajisikia mtaalamu kabisa.

"Mzee Vaelei amesemaje?" Bibi aliuliza alipotoka na kisu.

Angeweza kusema ukweli hapo. Bibi angegomba kidogo, basi. Lakini Melali aliliona jua, akaiona ile barabara ndefu, na neno likamtoka lenyewe.

"Amesema hana neno."

"Mungu ambariki," Bibi alisema, akaanza kupasua.

Sehemu nzuri, kichwa na minofu ya kifuani, ilifungwa kwenye majani ikapelekwa kwa Mchungaji kwa ajili ya mlo wa Jumapili, kama ilivyo desturi. Kipande cha mkia Bibi alikipika jioni kwa tui. Bibi alikula, Tinilau alikula. Melali alikuwa ameshiba tambi alizokula akitazama video, kwa hiyo hakumgusa samaki.

Alfajiri aliamshwa na sauti ya mtu akitapika.

Bibi alikuwa ameinama nje ya mlango, ameushika mwimo kwa mikono miwili. Tinilau alikuwa amejikunja kwenye mkeka akilia kwamba tumbo linamsokota. Melali alisimama katikati yao asijue aanze na nani. Alijisemea kwamba si samaki. Nzi walitua. Pete iling'aa. Alijisemea hivyo mara nyingi, na kila mara moyo wake haukukubali.

Nesi Losaline alikuja akiwa tayari amevaa nguo zake nyeupe za kanisani. Alimpima Bibi mapigo ya moyo, akakunja uso kidogo.

"Mlikula nini jana?"

"Wali, magimbi na samaki," Bibi alijibu kwa sauti ya chini. "Samaki hana neno. Melali alimuuliza Vaelei."

Nesi alimgeukia Melali. "Ulimuuliza?"

Bibi alikuwa anamtazama, na macho yake hayakuwa na shaka yoyote. Ni macho hayo yaliyomzuia kusema kweli.

"Ndiyo," alisema.

"Basi itakuwa ule wali, joto hili linachachusha kila kitu. Wape maji kidogo kidogo. Nitarudi baada ya ibada na mlo wa Mchungaji."

Nesi akaondoka. Kengele ikapigwa, watu wakapita na mavazi yao meupe na vitabu vyao vya nyimbo, na baada ya muda barabara ikabaki na kuku tu. Bibi alilala akihema polepole mno. Melali aliketi karibu yake akihesabu pumzi zake, akiogopa kwamba akiacha kuhesabu, zitakoma. Kutoka kanisani wimbo wa kwanza ulisikika, kisha kimya cha mahubiri.

Alichota maji ya tangi, akalowesha kitambaa, akampangusa Tinilau uso.

Tinilau alipiga yowe. Alirukia ukutani, akajifunika mashavu kwa viganja.

"Unaniunguza! Melali, maji ya moto!"

"Ya baridi haya. Tinilau, usifanye mchezo."

"Sifanyi mchezo! Yanaunguza, na midomo inanichoma kama sindano!"

Melali alitumbukiza mkono kwenye bakuli. Maji yalikuwa ya baridi. Alimkumbuka dada yake Bibi, mtoto asiyemjua hata jina, na akajua kwamba ndugu yake na bibi yake wamelishwa sumu, na kwamba aliyewapa ni yeye.

Halafu akakumbuka minofu iliyofungwa kwenye majani.

Mahubiri yalikuwa yamekwisha, watu walikuwa wanaimba wimbo wa kufunga. Upepo ulileta harufu ya tanuri la mawe kutoka nyuma ya nyumba ya Mchungaji, harufu ya magimbi na samaki aliyeiva. Mezani pale angekaa mama Mchungaji, Teuleala, mwenye mimba ya kukaribia kujifungua. Wangekaa wazee wa kanisa. Angekaa mzee Vaelei mwenyewe, na angekula bila wasiwasi samaki aliyeambiwa ametoka kwa Bibi Seluka.

Labda watapika kitu kingine, Melali aliwaza. Labda samaki atawatosha watu wachache tu. Labda, labda. Aliona aibu kwa mawazo yake. Akamwekea Tinilau mto, akamwambia, "Usimwache Bibi," kisha akatoka mbio na miguu mitupu juu ya lami inayowaka.

Alipofika walikuwa tayari ndani. Watu walikuwa wameketi chini kwenye mikeka, mistari miwili ikitazamana, chakula katikati, vichwa vimeinama. Mchungaji alikuwa anaomba. Kwetu mtoto hapiti mbele ya wakubwa walioketi bila kuinama na kuomba radhi, na wakati wa sala hapiti kabisa. Kusimama wima juu ya chakula chao ni jambo ambalo Melali hakuwahi kuona mtu akilifanya. Alisimama mlangoni pale. Sala ilikuwa inakaribia mwisho. Yule chewa alikuwa mbele ya mama Mchungaji, ameiva vizuri, anatoa mvuke.

"Amina," watu wakasema, na Teuleala akanyoosha mkono.

Melali alipita katikati ya mistari, wima, akainyakua sinia ya samaki akaikumbatia kifuani. Mchuzi wa moto ulimwagikia mikono yake.

"Msile," alisema. "Msile, tafadhali, samaki ni mbaya."

Mzee mmoja wa kanisa alifoka, "Mtoto wa nani huyu, asiye na adabu?"

"Mwacheni aseme," alisema mzee Vaelei. Alikuwa ameketi mwisho wa mkeka, mzee mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. "Samaki huyu katoka wapi, mjukuu wangu?"

"Kwenye meli iliyozama." Machozi yalikuwa yanamtoka sasa. "Baba mdogo aliniambia nije kukuuliza. Sikuja. Nilitazama kwenye simu, nikampima kwa pete ya Bibi, halafu nikamdanganya Bibi kwamba umesema hana neno. Bibi anatapika, na Tinilau anasema maji baridi yanamuunguza. Na nesi nimemdanganya pia."

Teuleala aliurudisha mkono wake taratibu, akauweka juu ya tumbo lake.

Nesi Losaline, aliyekuwa kati ya wageni, alikwisha kusimama. "Moyo wa Bibi yako ulikuwa unapiga polepole mno asubuhi," alisema akivaa viatu. "Nilijiuliza kwa nini. Mchungaji, naomba gari lako. Sasa hivi."

Saa zilizofuata zilikuwa ndefu. Bibi na Tinilau walilazwa zahanati. Nesi alizungumza na daktari wa Funafuti kwa simu, akamchoma Bibi sindano ya kuuamsha moyo, akawawekea wote wawili dripu. Melali alikaa nje kwenye benchi, mikono imepakwa dawa ya kuungua na kufungwa bendeji. Hakuiwasha simu yake. Aliogopa kila mlango ulipofunguliwa, aliogopa pia ulipokaa bila kufunguliwa. Nyuma ya kanisa, mzee Vaelei na vijana walikuwa wanamzika yule chewa kwenye shimo refu, ili mbwa na nguruwe wasimfukue.

Jua lilipoanza kupoa, Nesi alitoka. "Moyo umerudi kwenye mwendo wake," alisema. "Tinilau anaomba biskuti. Ingia."

Melali aliingia ameinamisha kichwa. Mzee Vaelei alikuwa amewahi, ameketi kwenye kiti kando ya kitanda. Bibi alikuwa amejiegemeza kwenye mto, uso umemsawijika.

"Bibi, nisamehe."

"Sogea hapa." Bibi aliitazama mikono yake iliyofungwa bendeji. "Ilikuuma?"

"Sana."

"Haya. Mwambie mzee Vaelei jinsi pete yangu ilivyokuwa daktari wa samaki. Nimeshaambiwa kila kitu."

Melali alieleza kwa sauti ndogo habari ya nzi na pete. Mzee Vaelei alisikiliza mpaka mwisho.

"Hata mimi, mjukuu wangu, ukiniletea samaki nimtazame, siwezi kujua," alisema. "Hana harufu, hana rangi, na moto haumsafishi. Mimi nauliza tu kavuliwa wapi, na nakumbuka nani aliugua, na alikula samaki wa mwamba gani. Pale kwenye meli watu wawili waliugua mwaka jana. Huyo bwana wa kwenye simu hajui hata kama tuna meli iliyozama."

"Sitaishika simu tena."

"Nani kakwambia uiache?" Bibi alisema. "Mambo ya pweza nayapenda, ila usimwambie mtu. Kosa lako si kusoma, na si kutojua. Sisi sote hatukujua. Kosa ni kusema umeuliza wakati hukuuliza, kwa sababu baada ya hapo hakuna mwingine aliyeuliza. Tuliacha kujilinda kwa kuwa tulikuamini. Asubuhi Nesi alikuuliza, ukanitazama mimi, ukadanganya tena. Ukweli wako ungenifikisha hapa mapema."

Melali alilia, na Bibi alimwacha alie.

"Lakini mchana ulisimama mbele ya wazee wote ukiwa na sinia kifuani," Bibi aliendelea, "na ulikuwa unajua watakuona mwongo. Mama Mchungaji amelala salama nyumbani kwake. Hilo nalo nitalikumbuka."

Kwa majuma mengi Bibi hakuweza kushika kitu cha baridi. Kila asubuhi, kabla ya shule, Melali alimpashia maji ya kunawa, akayajaribu kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Wenzake walipomwomba awaambie jambo la ajabu, aliwasimulia hili, na hakuna aliyecheka.

Siku moja baba mdogo Pasefika alileta changu mkubwa mwekundu. Jua lilikuwa kali kuliko hata la siku ile. Melali alifunga kitambaa kichwani, akaenda mpaka ncha ya kaskazini, akarudi amelowa jasho.

"Amesemaje?" Bibi aliuliza, kisu mkononi.

"Amesema tumzike."

Bibi alimtazama yule samaki mnene, akashusha pumzi. Kisha akarudisha kisu kabatini na kwenda kutafuta jembe.