Ndoa ya Kwenye Teatre

Mwanzo ilikuwa harufu tu. Teatre yao, mchezo alioigiza Aicha na mumewe, ilikuwa inarudiwa kwenye televisheni ya Kasongo, alasiri jua bado kali, Aicha anachambua sombe, majani ya muhogo ya jioni, mara chumba cha kulala kikanuka ubani. Akaenda kuangalia. Hakuna aliyeuchoma.

Jamani, ndoa haichezewi! Ndoa, hata ukiifunga kwa utani, imefungwa. Mwislamu gani wa Kasongo hajui hilo? Lakini Faradji, mume wa Aicha, mwenye duka mbele ya nyumba, alitaka teatre ifanane na kweli. Akacheza mchuuzi anayemwoza jini mke wake ili apate mali. Mke akachezwa na Aicha mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe. "Nimekuoza Aicha," akatamka, ubani wa kweli ukifuka. Mwalimu Atumani wa msikitini aliposikia alifoka, akawalazimisha kuongeza kipande cha mwisho, Faradji amwambie jini: "Ndoa imevunjika, mke ni wangu." Teatre ilipoonyeshwa mara ya kwanza kipande kilikuwamo, na nyumba ikabaki tulivu.

Kwenye marudio hakikuwamo.

Wiki iliyofuata teatre ikarudiwa tena, na Aicha aliyekuwa amejilaza akahisi godoro linabonyea nyuma yake, polepole, kama mtu mzito anayekaa akivua viatu, akadhani ni Faradji, akataka kumsemesha, ndipo akamsikia Faradji nje anacheka na wateja, na pumzi yenye ubani ikamgusa shingoni.

Alitoka mbio, akapanda pikipiki mpaka kituo cha televisheni, kwa Octave anayekata na kuunga picha.

"Kaka Octave, juu ya nini mulikata mwisho?"

Octave alifunga mlango kwanza. "Dada, marudio ya kwanza ni mimi nilikata, matangazo ilikuwa mingi. Nikataka kurudisha. Bwana yako akakuja, akasema: acha vile vile."

"Bwana yangu? Faradji?"

"Yeye mwenyewe. Akasema tangu marudio ile, duka yake iko inajaa watu."

Aicha alilia njia nzima. Alimlilia mtu aliyekuwa akimpa nyama ya sahani yake.

Alimkuta sebuleni, mbele ya televisheni, teatre inaanza.

"Faradji, sema yale maneno. Niko mbele yako. Sema ndoa imevunjika."

Faradji hakumtazama. "Ngoja kwanza mizigo ya duka kutoka Kabambare ifike."

"Ananilalia kitandani, Faradji!"

"Sema polepole, wateja watasikia."

Kwenye picha Faradji akamwoza mke wake kwa mara nyingine, na harufu ya ubani ikajaa sebule, Aicha akamshika mumewe mkono kwa mikono yake yote miwili, akamsihi kwa jina la Mungu na la watoto wao, na mumewe akautoa mkono ule taratibu, kidole kwa kidole.

Kutoka chumba cha kulala, ambamo hamkuwa na mtu, sauti ikabisha:

"Hodi, muke wangu."

Faradji akaweka kofia yake sawa.

"Karibu," akajibu.