Kivuli cha Jiwe la Angani

Mume wangu Enoki hawezi kuona kiumbe kikitetemeka. Huku kwetu Njombe, mwezi wa saba, ukungu huingia mpaka vyumbani. Basi yeye huwasha jiko la mkaa na kumpelekea kila mwenye baridi. Hata ndama huwekewa!

Nyuma ya shamba letu la viazi kuna kibanda cha darubini ya chuo. Kioo chake kina upana wa meta moja. Anayeitunza ni mwalimu Salha, mtu wa Makambako.

"Kamwene, mwalimu," Enoki alimsalimu jioni moja. "Nasikia kwa wenzetu kuna darubini zenye kioo kipana kama nyumba. Hii yako ya kati ina kazi gani?"

Salha alicheka. "Zile ni chache, Baba Anneth. Dunia nzima inazipangia foleni. Ukipewa usiku mmoja, shukuru. Hizi za kati ziko nyingi, kila pembe ya dunia. Mimi naweza kutazama nyota ileile miezi na miezi. Ikibadilika, naiona."

"Na leo unatazama nini?"

"Leo saa mbili usiku, jiwe linalozunguka jua litapita mbele ya nyota moja. Kivuli chake kitaangukia huku kwetu. Kwenye zile kubwa hawataona kitu. Nikipima nyota imezimika kwa muda gani, tutajua ukubwa wa jiwe. Nikikosa, basi tena. Nimelisubiri mwaka mzima."

Giza likaingia, mbingu ikatakata. Nilimpelekea Salha chai chumba cha pembeni, penye kompyuta. Nikamkuta ameshika kichwa.

"Mama Anneth, nyota inachezacheza! Sijui kuna nini."

Tukakimbilia kwenye darubini. Chini yake palikuwa na jiko la mkaa, jekundu kabisa.

"Nimeliweka mimi," Enoki, aliyesimama kando yake, alisema kwa fahari. "Kioo kisipate baridi."

"Yarabi! Hewa ya moto inapanda mbele ya kioo. Hujaona barabara ya lami kwenye jua kali, jinsi vitu vinavyotikisika? Darubini inataka ubaridi uleule wa nje."

Masikini Enoki! Alinyakua jiko akatoka nalo mbio. Mimi nikafungua milango yote. Tukarudi wote kwenye kompyuta, tukasubiri, meno yakigongana. Polepole nyota ikatulia. Shamba lote lilinyamaza, nikajiona kama ninaelea, mimi na kibanda na viazi vyetu, katikati ya anga.

Mara nyota ikazimika.

Enoki alinishika mkono. "Imekufa?"

Ikawaka tena. Salha alikuwa analia. "Limepita! Nimelipata!"

Siku hizi Enoki ndiye anayefungua kibanda jua likizama, ili darubini ipoe mapema. Juzi Salha alituletea habari. Wenye darubini kubwa wameomba vipimo vyake, wajue jiwe lilipo nao walitazame.

"Wanatuomba sisi?" Enoki aliuliza.

"Wanatuomba sisi."

Akafikiri kwanza. "Mwalimu, kile kivuli kilitupitia na sisi wenyewe? Mimi na Rebeka?"

"Ndiyo, Baba Anneth. Mlikuwa ndani yake."