Mgeni wa Pikipiki

Pikipiki ililetwa ikisukumwa, injini imekufa, waya zinaning'inia kama utumbo wa kuku, na bado, ilipofika mbele ya mlango wa Mwanaheri, taa yake ilimkonyeza. Mara moja tu. Mwanaheri akajiambia ni jua. Lakini jua gani, na ukungu wa Uluguru ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba?

Mumewe, Kibwana, fundi wa karakana ya reli, alikuwa amelowa chapachapa. Pikipiki ilikuwa ya Mdachi mpima ardhi aliyekutwa amekufa kando ya njia ya Kinole, amekauka kama muwa uliotafunwa. Sasa ilikuwa mikononi mwa Mdachi mwingine, msimamizi wa shamba la mpira, naye alitaka taa iwake, la sivyo fundi atakula khamsa wa ishirini, viboko ishirini na vitano. Paa la karakana lilikuwa linavuja, basi Kibwana kaileta nyumbani.

"Hodi, hodi wenyewe!" alitania mlangoni, sauti kaibana puani. "Mimi mgeni wenu, nimetoka mbali, nina njaa!"

Mwanaheri, mtoto wake Rehani yuko kifuani ananyonya, akacheka. "Karibu mgeni, pita ndani! Tunachokula sisi, nawe utakula."

Hapo hapo kuku wakatoka kwa mlango wa uani. Mmoja mmoja, kimya, kama watu wanaoondoka matangani.

Ugonjwa wa pikipiki ulikuwa mmoja: betri haishiki moto. Kibwana alikwangua kutu kwenye vichwa vya betri, akasafisha dainamo, akawasha injini mpaka taa ikang'aa ukuta mzima. "Unaona? Dainamo inazaa vizuri." Kulipokucha, betri imekauka, taa haina hata wekundu.

"Kuna kitu kinanyonya," alisema. "Waya umechubuka mahali, unagusa chuma, moto unavuja."

Akazifuata waya kwa vidole, akaupata mchubuko, akaufunga kitambaa. Akatia moto tena, akaenda swala ya Ijumaa. Aliporudi, imekufa. Safari hii akaijaza, kisha akachomoa waya zote, betri ikabaki peke yake kama yatima. Wakala ugali. Hata hawajanawa mikono, akaigusisha taa. Giza.

"Mama Rehani," alinong'ona, hakumtazama. "Nimechomoa kila kitu. Hakuna kinachonyonya. Na bado imenyonywa."

"Irudishe, baba Rehani. Irudishe ilikotoka."

"Nikale kiboko?"

Hakutania tena. Jioni ile ile aliwapa salamu wauza machungwa waliokuwa wanapanda kurudi Kinole: mwambieni mjomba wa mke wangu, mzee Mikidadi, ateremke na mkoba wake wa dawa.

Kesho yake akaibeba betri kwenda karakana, akaipime mbali na pikipiki. Ndiyo kazi ya fundi, kutenga kitu na kitu mpaka ugonjwa ubaki peke yake. Hakuwaza kwamba amemwondolea mgeni sahani yake.

Mwanaheri akabaki na mtoto. Nje jua linawaka, watu wanapita na mizigo yao, wanasalimiana. Kwanza ilikuja harufu, tindikali ya betri wakati betri haipo, imechanganyika na maziwa yaliyochacha. Kisha dainamo ikaanza kunguruma, ng'uuu, na injini haizunguki, na Rehani aliyekuwa ananyonya akaliachia titi, hakulia, akageuza uso kuielekea pikipiki, akafungua kinywa kama mtu anayemiminwa, na utosi wake ukaanza kudidimia mbele ya macho ya mama yake, vidole vikapoa, midomo ikawa kijivu, na kila utosi unapozama, taa ya pikipiki, isiyo na waya wala betri, inapanda, nyekundu, njano, nyeupe, na Mwanaheri amemkumbatia, anamgeuza uso, uso unarudi pale pale, ananyonywa mwanangu, ananyonywa, tunachokula sisi nawe utakula, nimesema mwenyewe, kwa mdomo wangu!

Ndipo akakumbuka. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na leo ndiyo ya tatu.

Alilinyakua jembe nyuma ya mlango, akalilaza juu ya kiti cha pikipiki. "Mgeni! Siku zako zimekwisha! Shika jembe ukalime!"

Taa ikazima. Jembe likateleza upande wa pili wa kiti, lakini hakusikia likianguka. Hakujali. Rehani alikuwa analia, analia kwa nguvu, alhamdulillahi, akalishika titi akalivuta mpaka likauma.

Mchana Kibwana akaja mbio. "Betri nzima! Imeshika moto tangu asubuhi. Ugonjwa uko humu ndani, si kwenye betri."

"Ulikuwepo. Nimeutoa."

Aliifunga betri, akaunga waya, akasubiri. Taa haikufifia. "Kumbe fundi ni wewe!" alicheka, akapanda, akaondoka nayo kwa Mdachi.

Vumbi halijatulia, mzee Mikidadi akabisha hodi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi?"

"Kaondoka yule mgeni." Akamweleza yote, mzaha wa mlangoni, mtoto, taa. "Nikampa jembe, mjomba!" Alisema kwa fahari.

Mzee akauweka mkoba chini, polepole sana. "Akalipokea?"

Mwanaheri akatazama sakafu. Jembe halikuwepo. Halikuwepo nyuma ya mlango wala popote.

"Anayelikataa jembe huondoka, Mwanaheri. Anayelipokea si mgeni tena, ni wa nyumbani. Mimi dawa yangu hufukuza wageni. Wa nyumbani nitamfukuzaje?"

Nyuma ya nyumba, kwenye migomba: ko. Ko. Ko. Chuma kinagonga mawe.

Wakatoka, mzee mbele, Mwanaheri amemshika kanzu. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na shimo, udongo bado unafuka mvuke, kuta zake zimenyooka, refu kama mkono wa mtu na kidogo zaidi. Chini, ubavuni, palikuwa pamechongwa mwanandani wa kaburi, safi, kuelekea kibla. Jembe limeegemezwa kwenye mgomba. Mwanaheri aligusa mpini. Ulikuwa na joto la kiganja.

"Mtoto yuko wapi?" mzee alinong'ona.

"Kalala ndani. Nimerudishia mlango, mjomba, hakuna mtu, na mtu akija atapiga hodi, nitasikia, kwani si lazima apige hodi?"

"Wa nyumbani hapigi hodi," alisema mzee. Nyuma yao mlango wa nyumba ulifunguka, taratibu, bila hodi.