Maiki Kiunoni mwa Maryvonne

"Nimekubali. Naolewa na yule mtengeneza jibini wa Auvergne, Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Anselme hajui, na asijue kabisa."

Maryvonne Kerbrat aliyasema hayo kwenye simu iliyozimwa, amejibanza nyuma ya karavani ya vipodozi. Hakukuwa na mtengeneza jibini wala harusi. Kulikuwa na maiki ndogo tu, imefungwa kiunoni chini ya gauni la sinema, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuisikiliza: Anselme Roumieu, fundi sauti, mpenzi wake wa miaka mitatu.

Ulikuwa mtego.

Kwa miezi miwili, kila alichonong'ona kwenye uwanja wa kupigia filamu kilitokea Alhamisi kwenye gazeti la udaku. Ufaransa nzima ilimjua kwa ukorofi, ndiye aliyefika kwenye zulia jekundu akiendesha trekta, akaliegesha palepale juu ya zulia na kumkabidhi waziri funguo: "Niangalizie, mwanangu, na usiliwashe." Hayo walipoyaandika alicheka. Lakini wiki iliyopita waliandika kwamba hulia kabla ya kila shoti, na hilo alijiambia mwenyewe, peke yake, chooni, maiki ikiwa kiunoni.

Nani angesikia, kama si mwenye hedifoni?

Mchana Anselme alimletea supu ya vitunguu, jibini limeyeyuka juu.

"Kula, bibie, itapoa. Halafu hapa kuna mwizi. Kile kipokezi changu cha akiba hakijarudi mpaka leo. Nimebandika tangazo kantini, mtu kalichorea masharubu."

"Jibini hili la wapi?" Maryvonne alimkazia macho.

"La dukani."

"Si la Auvergne?"

"Labda. Kwani Auvergne kuna nini?"

Hakupepesa hata kope. Maryvonne akawaza: miaka thelathini naigiza mimi, kumbe mwigizaji ni huyu!

Alhamisi, kabla hajavaa gauni la kazi, simu ikatetema. Ujumbe wa Ghislain Pradelle, wakala wake wa kazi kwa miaka ishirini:

"MALKIA!! Ukurasa wa kwanza! Mtu wa jibini, na mimi hujaniambia? Simu hazipoi. Ukitaka kumzaba mtu kibao, ningoje nifike na mpiga picha."

Maryvonne alinunua gazeti, akakata uwanja kama upepo, akalibwaga juu ya mtambo wa sauti.

"Wewe mwanaume, umeniuza!"

Anselme alisoma taratibu, kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Unaolewa?"

"Usiniigizie!"

"Maryvonne, nakuuliza. Unaolewa?"

"Nilisema mara moja tu, nyuma ya karavani, na maiki kiunoni. Nani mwingine alinisikia?"

Anselme alivua hedifoni, akaiweka chini kwa upole uliotisha kuliko kelele.

"Njoo hapa. Unaiona swichi hii yenye utepe mwekundu? Ni wewe. Mwongozaji akisema 'kata', naishusha mpaka mwisho. Shoti ikiisha, sauti yako si mali yangu. Mzee aliyenifundisha kazi alinifukuza wiki nzima kwa kumsikiliza mwigizaji akigombana na mama yake. Sijarudia."

"Miaka mitatu hujatamani hata siku moja?"

"Kila siku! Hasa ukienda nyuma ya ile karavani na simu yako. Unadhani wivu mnao nyinyi nyota tu?"

Anselme akatazama sanduku lake la vifaa, penye tundu moja tupu.

"Kile kipokezi," akasema polepole. "Hakipiti kwenye mtambo wangu. Kinanasa maiki yako moja kwa moja. Aliyenacho anakusikia hata ukipiga chafya."

Wote wawili wakageuka. Ng'ambo ya uwanja, chini ya hema la kantini, Ghislain alishafika na mpiga picha wake. Anakula, kaning'iniza kitambaa shingoni, waya mweupe sikioni. Kila akija kushinda uwanjani husema anasikiliza mbio za farasi.

"Nifunge maiki," Maryvonne akanong'ona.

Anselme alimfunga. Swichi ilikuwa chini kabisa. Maryvonne akaliinamia tumbo lake mwenyewe, akasema kwa sauti ya mtu aliye kanisani:

"Maskini Ghislain. Lile gari lake jekundu linakokotwa. Limeshapandishwa kwenye lori, mkia juu."

Hatua sitini kutoka pale, Ghislain aliruka. Kiti kule, sahani huku, akatimua mbio kuelekea barabarani na kitambaa kikipepea kama bendera. Mpiga picha, kwa mazoea ya kazi, akampiga picha mwanzo mpaka mwisho.

Gari lilikuwa palepale. Maryvonne alifika akamkuta anahema.

"Nani kakuambia, Ghislain?"

"Nime... nimehisi tu, malkia."

Maryvonne akanyoosha mkono. Ghislain akatoa kipokezi mfukoni.

"Nilikuwa nakulinda! Ukorofi wako ndio unaojaza majumba ya sinema. Bila kashfa, wewe ni mama wa miaka hamsini na mbili anayekunywa supu na fundi sauti!"

"Huyo ndiye ninayetaka kuwa. Kuanzia leo huna kazi kwangu."

Mpiga picha aliinua kamera kungoja kibao. Alingoja sana. Maryvonne alishageuka.

Alimkuta Anselme anakunywa supu iliyopoa, hamtazami. Maryvonne alishajigamba kwenye mahojiano chungu nzima kwamba hajawahi kumwomba mwanaume msamaha.

"Nisamehe," akasema.

"Sikusikia."

"Nisamehe, Anselme. Nilikutega, na wewe ndiye mtu pekee aliyeziba masikio."

"Swichi iko chini, bibie."

"Ipandishe basi, wasikie wote!"

"Nje ya shoti? Thubutu."

Maryvonne alifungua maiki kiunoni, akaitumbukiza kwenye bakuli la supu.

"Wewe! Mali ya watu hiyo!"

Hakumjali. Akamwinamia sikioni, akanong'ona, akanong'ona tena, mpaka shingo ya Anselme ikaiva kama nyanya. Mafundi wote walikaza masikio, wasipate kitu.

Mwishowe Anselme akakohoa.

"Jumamosi ya pili? Mbona karibu hivyo? Manispaa wanataka tangazo la ndoa libandikwe mlangoni pao siku kumi."

"Tutawahi."

Wakawahi. Gazeti lilikuwa sahihi mpaka tarehe. Lilikosea bwana harusi tu.